Flashi moja, saa mbili

Ukitaka kuwagombanisha vijana wa kompyuta, chukua filamu ya MB 700 na flashi iliyofomatiwa exFAT (mpangilio wa faili unaosomeka na Windows na Linux), uikopi kwa Windows, kisha kwa Linux. Kwa Linux amri ya cp, ile ya kukopi faili, inamaliza ndani ya sekunde chache. Kwa Windows mstari wa kijani unajikokota. Hukumu hutolewa papo hapo: Windows nzito. Tatizo ni kwamba huku Linux, saa ilisimamishwa kazi ikiwa bado haijaisha.

Sote tunajua kwamba mifumo endeshi yote mikubwa hutumia RAM isiyo na kazi kama kache ya faili, yaani ghala la muda. Tofauti ipo kwenye uandishi. Kwa kawaida, Linux huruhusu data ambayo haijafika kwenye diski ichukue hadi asilimia 20 ya kumbukumbu inayopatikana (mpangilio uitwao vm.dirty_ratio), na huanza kuiandika chinichini inapofika asilimia 10, au ikishakaa sekunde 30 hivi. Kwenye mashine yenye GB 6 za RAM zinazopatikana, asilimia 20 ni GB 1.2. Filamu yetu inaenea humo, na nafasi inabaki. Sasa chukua flashi ya bei rahisi inayoandika MB 10 kwa sekunde: MB 700 ni sekunde 70. Sekunde 70 nzima ambazo skrini imeshasema tayari, na filamu bado iko kwenye RAM! Mtu akichomoa flashi hapo, anaondoka na faili lenye jina sahihi na ukubwa sahihi pengine, ila halifunguki. Kisha atailaumu flashi.

Windows ilikwishachagua upande. Tangu Windows 10 toleo la 1809, flashi huwekwa kwenye sera ya kuchomolewa haraka: mfumo haulimbikizi uandishi wa kifaa hicho kwenye kache. Kasi inapungua, na Microsoft wenyewe wanakiri hivyo. Lakini mstari ule unaojikokota unakwenda karibu na mwendo wa flashi yenyewe.

Linux si mdanganyifu, tuelewane. Kwenye diski ya ndani, ambayo hakuna anayeichomoa, ulimbikizaji huo ni akili kubwa: faili la muda likiandikwa na kufutwa haraka, huenda lisiguse diski kabisa. Na kwenye maelfu ya faili ndogo, mfano kufungua kifurushi cha msimbo wa mradi mkubwa, Windows inashindwa kihalali, kwa kuwa kila faili linalofunguliwa hupitia vichujio kadhaa (programu za kulikagua), kikiwemo cha antivirusi. WSL ya kwanza, nyenzo ya kuendesha programu za Linux ndani ya Windows, iliteseka hapo hapo, na mwaka 2019 Microsoft wakaleta WSL 2 yenye kerneli (kiini cha mfumo) halisi ya Linux. Hapo sibishani na mtu.

macOS nayo ina lake. Programu ikiita fsync, yaani ikiomba data iandikwe sasa hivi, data inafikishwa kwenye diski lakini inaweza kubaki kwenye kache ya diski yenyewe. Anayetaka uhakika lazima aombe F_FULLFSYNC, ombi linaloiamuru diski nayo imwage kache yake. Kwa hiyo mtu akilinganisha hifadhidata kwenye Mac na kwenye Linux bila kuangalia hilo, anapima ahadi mbili tofauti.

Kwenye flashi, kipimo cha haki ni kuhesabu muda wa cp pamoja na sync inayofuata, amri inayosubiri data yote ifike kwenye diski. Mshindi wa sekunde chache ghafla anakuwa wa dakika moja na ushee. Wasanidi wa kerneli walilijadili tatizo hili mwaka 2013, maana flashi moja ya polepole iliweza hata kuzikwamisha programu nyingine zinazoandika kwenye diski nzuri. Asilimia 20 iliwekwa enzi RAM ikiwa ndogo; kwenye mashine ya GB 32 ni mlima.

Mimi natumia Linux kila siku, na nimeweka vm.dirty_bytes, kikomo kile kile kwa baiti badala ya asilimia, kuwa MB 64. Sasa mstari wangu unajikokota kama wa jirani mwenye Windows.