Bordeaux ya 1982: Tutangulize Mwaka au Chupa?

Wanunuzi wa mvinyo mkongwe wa Bordeaux, Ufaransa, wamegawanyika kuhusu mahali pa kuanzia: wengine hutazama kwanza mwaka wa mavuno, na wengine huuliza kwanza chupa ilitunzwa wapi. Mwaka 1982, ambao ni miongoni mwa miaka iliyosifiwa mno, unatufaa kulipima suala hili.

Wanaotanguliza mwaka wana hoja nzito. Mwaka ule mizabibu ilichanua mapema, Septemba ikaja na joto, na zabibu zikaiva barabara huku mavuno yakiwa mengi. Kwa kuwa mvinyo wake ulikuwa laini na wenye asidi ndogo, baadhi ya wahakiki waliozoea Bordeaux iliyo kali ingali changa walisema hautadumu. Mhakiki wa mvinyo Mmarekani, Robert Parker, aliyeuonja ungali mapipani, alishikilia kinyume, na muda umethibitisha kauli yake, kwani chupa za mwaka huo kutoka mashamba mashuhuri ya Latour na Léoville-Las Cases zimezeeka kwa heshima kubwa. Kwa upande mwingine, mvinyo wa 1975 ulikuwa na tanini (ile ladha ya zabibu inayokausha mdomo) ngumu kiasi kwamba katika chupa nyingi ladha ya tunda ilififia kabla ukali haujalegea. Kusubiri peke yake, basi, hakutoshi kuuponya mvinyo uliozaliwa na kasoro.

Hata hivyo, sifa ya mwaka haienei sawasawa katika eneo zima. Huko Margaux, sehemu mojawapo ya Bordeaux, waonjaji wengi huuweka 1983 juu ya 1982, hasa kwa shamba la Château Palmer, na kwa hiyo anayeshikilia tarakimu za mwaka peke yake anaweza kulipa zaidi akapata pungufu.

Lakini hoja inayonielemea zaidi ni ya utunzaji. Mvinyo huu unataka kulazwa gizani, penye unyevu wa kutosha ili kizibo kisikauke, na katika joto la nyuzi 12 au 13 lisilopandapanda. Chupa ikisimamishwa wima ili mashapo yatulie, nafasi iliyo wazi chini ya kizibo huanza kueleza historia yake: mvinyo ukifika sehemu ya chini ya shingo ya chupa au sehemu ya juu ya mabega yake, hilo ni jambo la kawaida kwa umri huo; ukishuka hadi katikati ya mabega, kuna uwezekano mkubwa kwamba kizibo kimevujisha na hewa imeingia, na hapo jina la Latour halisaidii kitu. Isitoshe, umaarufu wa mwaka huwavutia waghushi. Mfanyabiashara wa mvinyo Rudy Kurniawan, aliyetiwa hatiani New York mwaka 2013 kwa ulaghai, aliuza chupa bandia zenye majina na miaka iliyotafutwa kuliko yote.

Kwa hiyo mimi ningechukua Palmer ya 1983 iliyotoka kwenye ghala linalojulikana, niiache 1982 ambayo muuzaji wake hawezi kuonyesha hata risiti moja. Chupa mbili zikiwa zimetunzwa sawa, hapo mwaka ndio uamue. Nakiri kwamba msimamo huu una gharama, maana chupa ambayo haijawahi kutoka kwenye ghala la mtengenezaji huuzwa ghali kuliko mwenzake aliyezunguka sokoni. Latour wenyewe, tangu mavuno ya 2012, wameacha kuuza mvinyo ungali mapipani na huutunza kwao hadi waone umefikia kunyweka, na mnunuzi hulipia miaka yote hiyo ya kuhifadhiwa.