Bia yenye ladha ya zahanati

Kuna jamaa yangu mmoja, mstaarabu sana, alikunywa glasi nzima ya bia niliyopika mwenyewe bila kukunja sura. Nikamuuliza ipoje, akatulia, akaigeuza geuza ile glasi, akasema "ina ladha ya kipekee, mangi." Ya kipekee! Mi nikafurahi, nikammiminia ya pili. Kumbe muda huohuo mke wake yuko kibarazani anamwagia ya kwake kwenye kopo la maua, na mi mwenyewe sijaonja hata tone kwasababu nilikua bize kuwahadithia jinsi nilivyohangaika kuipika.

Nilionja walipoondoka. Ilikua inanuka plasta, yani ile plasta ya kidonda ukiibandua, au korido ya zahanati wakishamaliza kupiga deki asubuhi. Nikakaa chini. Sikuwaza bia, niliwaza zile glasi mbili tumboni mwa yule mtu na yuko njiani anaendesha gari anarudi Mbagala anajiuliza nimemfanya nini.

Sababu nilikuja kuijua baadae. Chupa nilizisafisha na ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, af nikasuuza mara moja haraka haraka nikaona zimetakata. Sasa ile klorini ikibaki kwenye chupa inakutana na vitu vinavyotoka kwenye kimea na hamira, vikichanganyika ndo inazaliwa hiyo harufu ya hospitali, na haihitaji iwe nyingi, kidogo sana tu pua inaisikia. Na haitoki. Ukiifungia kabatini miezi mitatu utakuja kunywa zahanati ya miezi mitatu.

Nimekaa na watu wanaopika bia nyumbani, na kila mmoja anapenda kusimulia ajali zake, ndoo ilimwagika, chupa ililipuka, sijui jiko lilizima. Kwa maoni yangu hizo sio aibu, ni njia nyingine ya kujisifia, mtu anacheka huku anataka umuone mtundu. Aibu yenyewe ni kumnywesha mgeni kitu kibovu halafu umkodolee macho mpaka asifie. Hiyo hamna anayeisimulia, ndo maana nimeanza nayo.

Ila na mimi za kujisifia ninazo, ngoja nizitoe.

Ya kwanza kabisa ni ya koki. Binamu yangu alikuja likizo akaniletea boksi kutoka Uingereza, ndani kuna kopo la kimea kizito kama asali, hopsi (yale maua ya kuipa bia uchungu), paketi ya hamira, na ndoo ya plastiki yenye koki chini. Nikachemsha, nikapoza, nikaanza kumimina kwenye ndoo huku napiga mluzi. Miguu ikalowa. Nikaangalia chini, koki iko wazi. Nilishamimina kama lita sita hivi na nyingi ilikua chini ya friji, na ule mchuzi kabla haujawa pombe ni sukari tupu, ukikauka unanata kama gundi. Nilipiga deki mara nne. Asubuhi nikakuta sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani mpaka chini ya friji, wengine wanaenda wengine wanarudi, mpaka mama mwenye nyumba akaja kuchungulia, "shikamoo mama", "marahaba, unapika nini humu mwanangu?" Nikamwambia uji. Akavuta hewa puani, akaniangalia, akaondoka.

Ya pili ni joto, na hii kwa sisi wa Dar ni kubwa kuliko zote. Nilikua nafuata video za Wamarekani, wenzetu wameruhusiwa kupika bia nyumbani tangu Rais Carter asaini ile sheria mwaka 1978, kwahiyo wameshakosea sana mpaka wamezoea, na wengi ndoo zao wanazificha vyumba vya chini ya nyumba, kuna baridi. Jamaa kwenye video anasema weka mahali penye kivuli. Mi kivuli ninacho, Tabata, mwezi wa pili, nyuzi 32 ndani ya hicho kivuli. Hamira za bia za aina ile zinataka kama 18 mpaka 22, na ikianza kuchemka yenyewe inaongeza joto lake ndani ya ndoo. Ikachacha kwa fujo siku mbili imemaliza, nikajiona fundi. Ile bia ilikua inaunguza koo kama spiriti na ukinywa mbili tu kesho yake kichwa hakishikiki. Siku hizi naweka ndoo kwenye beseni la maji, naivalisha kanga iliyolowa, ncha ya kanga inabaki kwenye maji ili iendelee kunyonya, naielekezea feni, na asubuhi na jioni natupia chupa za barafu kwenye beseni. Ukiingia sebuleni unaweza kudhani namuuguza mtu.

Za chupa kulipuka nazipitia tu maana kila mtu anazo. Ukishaweka bia kwenye chupa unaongeza sukari kidogo ili itengeneze gesi, chupa ya nusu lita inataka gramu kama 3, hata kijiko cha chai hakijai. Mi niliweka kijiko cha chakula. Saa nane usiku, paa! Kimya. Paa! Jirani akatoka na panga. Ukweli ni kwamba hapo kuna hatari kabisa, vioo vilikua vimejichoma kwenye mlango wa kabati, na ningekua nimesimama pale nisingekua naandika hivi kwa utani. Sasa natumia chupa za plastiki za soda, unaiminya tu, ikishakua ngumu kama mpira uliojaa upepo unaihamishia kwenye friji.

Lakini narudi palepale pa kuonja, kwasababu kuna mtu alishanifundisha hili nikiwa mdogo ila sikushika. Bibi yangu kule Marangu alikua anapika mbege. Ndizi mbivu zinachemshwa kutwa nzima mpaka zinageuka rangi ya tofali, zinaachwa siku kadhaa zichache, zinachujwa, unakuja uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewa la kuleta uchungu. Hana haidromita, kile kifaa cha kupimia sukari kwenye pombe, wala kipimajoto, uji ulivyopoa anajua kwa kugusa sufuria na nyuma ya mkono. Na kabla mtu yeyote hajapewa alikua anachota kwenye kata, anakunywa funda moja mbele ya wageni, anakaa nalo mdomoni. Mi nilidhani ni heshima tu za kizee, kuonyesha hajaweka sumu. Siku moja nikamuona amekunywa lile funda, akatema pembeni, akasema "hii hapana", basi. Pipa zima. Wazee wamekaa kwenye benchi tangu saa nne wanasubiri, yeye hajaeleza kitu, hajaomba radhi mara kumi, hajasema jaribuni tu kidogo. Wazee wakaanza kuzungumzia mvua.

Mi na shule yangu yote nisingeweza. Ningesema "ina ladha ya kipekee".

Mwezi uliopita yule jamaa na mke wake walikuja tena, nikatoa chupa kwenye friji, nikamimina kidogo kwenye glasi yangu wakiwa wananiangalia, nikaonja. Haikua zahanati, ila ilikua imechachuka, ina kaukali ka siki kwa mbali. Mkono ukataka kumimina, nasema kweli. Nikaimwaga kwenye sinki, na ya pili na ya tatu, nikampigia bodaboda alete za dukani, baridi. Mke wa jamaa alikunywa yake mpaka mwisho palepale kwenye kochi, kibarazani hakwenda.