Anayepima mtoto ana haki ya kuihoji bajeti

Iringa haina njaa. Pita Ilula msimu wa nyanya, au shuka mabondeni Mufindi na Kilolo kiangazi, uone vinyungu, zile bustani za mabondeni, vilivyo kijani wakati kwingine kumekauka. Lakini utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta karibu watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa. Njombe ni kama 50, na Rukwa inakaribia hapohapo. Wastani wa Tanzania nzima ni 30.

Namba hiyo ya Iringa nashindwa kuipita. Mwaka 2015/16 ilikuwa karibu 42, mwaka 2018 ikafika 47, kisha 57. Katika miaka hiyohiyo taifa limetoka 34 hadi 30. Nchi inateremka, sisi tunapanda, na hayo yanatokea huku mahindi yakiwa ghalani. Wako wanaosema ni ufupi wa ukoo, kwamba hata babu alikuwa hivi. Siyo. Mtoto aliyedumaa ni yule ambaye katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka miwili, mwili na ubongo wake vilikosa vilivyohitaji, na akifika darasa la tatu huwezi kumrudishia vyote kwa sahani ya wali na maharage.

Kwa hiyo nikisikia kikundi cha wananchi kimeamua kuchunguza jambo hili katika kata yao, ninafurahi. Sizungumzii mashirika makubwa yenye magari na ofisi mjini. Nazungumzia wanawake wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, mwalimu mstaafu, vijana wawili watatu wenye daftari, wanaoamua kuhesabu watoto wa kijiji chao, kufuatilia fedha za lishe zimekwenda wapi, kisha kupeleka mapendekezo kwa viongozi. Hiyo hatua ya mwisho ndiyo inayozua maneno. Wengi hujibiwa: pimeni, mtuletee, mambo ya bajeti na sera tuachieni.

Jibu hilo lina hoja ndani yake. Ya kwanza ni utaalamu, na hapa viongozi wana haki ya kuwa na wasiwasi. Ule utepe wa rangi tatu unaofungwa mkononi mwa mtoto hupima ukondefu, haupimi udumavu. Udumavu unataka kibao cha kupimia urefu na umri sahihi wa mtoto, mpaka mwezi. Kikundi chenye utepe peke yake kinaweza kuzunguka kijiji kizima, kikakuta kijani kila mkono, kikaandika kwamba kijiji kiko salama wakati nusu ya watoto hao wamedumaa. Kosa la namna hiyo lina madhara. Ya pili ni uwakilishi: diwani amepigiwa kura na kata nzima, kikundi cha watu ishirini hakijachaguliwa na mtu. Ya tatu ni wahisani. Wapo wanaokuja na jibu mfukoni na kutafuta kijiji cha kulithibitishia.

Hoja hizi zimewahi kuingia hata kwenye sheria. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kutoa takwimu zinazopingana na za serikali kuwa jambo la kumpeleka mtu mahakamani. Mwaka 2019 kipengele hicho kilirekebishwa, na leo mwananchi anaruhusiwa kukusanya na kutoa takwimu zake kwa kufuata utaratibu. Hofu lakini haiondoki siku sheria inapobadilika. Watendaji wengine bado wakiona mtu na daftari huuliza kwanza ametumwa na nani.

Sasa tuangalie kinachotokea kikundi kikitii, kikapima, kikakabidhi namba, kikanyamaza. Namba hiyo itafika kwenye kikao, na kikao kitatafuta mkosaji. Aliye karibu kuliko wote ni mama. Ataitwa tena siku ya afya na lishe ya kijiji, ataelezwa tena kuchanganya unga wa mahindi na karanga, kumpa mtoto mboga za majani, yai na matunda. Mama huyo somo analijua. Wengi wanaweza kulisoma kwa kichwa. Ulanzi, pombe ya mianzi, nao utatajwa, na ni kweli upo, na wapo baba na mama wanaochelewa vilabuni huku mtoto amelala na njaa. Sitaki kuuficha. Ila ulanzi ni wa miaka mingi, na kwa namba zinazopanda kutoka 42 hadi 57 hautoshi kuwa maelezo.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtu wa kijijini anajua ni saa ngapi mama anatoka. Anatoka alfajiri kwenda kuchuma chai au kwenye kazi za mashamba ya miti, au shambani kwake kilomita kadhaa, na mdogo anabaki na dada wa miaka saba. Anakula asubuhi, anakula tena jioni mama akirudi, kaanza kuni, kaanza maji. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo, linataka kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Ugali mwingi mara mbili haumfai. Na yai? Yai lipo bandani, ila limeshapangiwa kuwa daftari la kaka yake au sehemu ya mbolea.

Ukifika hapo umeshatoka jikoni kwa mama, umeingia kwenye sera, upende usipende. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi na hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mama wa kibarua cha siku, leo yupo kesho hayupo, haki hiyo haimfikii. Mahali pa kulelea watoto karibu na mashamba, maji karibu na nyumba, bei ya mbolea: hakuna hata kimoja anachoweza kukirekebisha kwa kuchanganya unga. Aliyegundua haya akaambiwa asiyaseme kwa kuwa ni sera, ameambiwa alaumu wanyonge peke yao.

Halafu kuna fedha. Mkataba wa lishe waliosaini wakuu wa mikoa mwaka 2017, na kusainiwa upya mbele ya Rais mwaka 2022, ulifuatana na agizo kwamba kila halmashauri itenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kwa mwaka mzima. Hazifikishi mayai matano. Kufuatilia kama zimetengwa, kama zimetoka kweli, na zimenunua nini ni kazi nzuri, na kikundi kinaweza kuifanya kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Lakini tuseme wamefuatilia wakakuta kila shilingi imetumika kihalali, hakuna aliyeiba. Watoto bado wamedumaa. Waandike nini? Naamini waandike kwamba kiwango chenyewe ni kidogo kwa mkoa wenye watoto 57 katika 100, na wakiseme mbele ya baraza la madiwani.

Hilo halimpunguzii diwani chochote. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kikamilifu katika maamuzi ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake, na haikusema ashiriki kwa kupima tu. Kwa upande wao vikundi vikubali masharti ya kazi: wapime pamoja na mhudumu wa afya mwenye kibao, waandike wazi wamepima watoto wangapi na nani alipima, wamwonyeshe afisa lishe hesabu kabla ya kuzitangaza. Fedha zikitoka kwa mhisani, atajwe.

Na wasikawie. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ila vipaumbele vya vijiji hukusanywa miezi mingi kabla yake. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na unaotangulia ukusanyaji huo ndio wa kwenda nao hata kama ripoti haijapigwa chapa: kurasa mbili, hesabu ya watoto wa vitongoji vyote, na ombi moja lenye kiasi cha fedha.