Anayesubiri kileleni ndiye anayepumzika

Kuna jambo ambalo waendesha baiskeli wenye miguu mizuri hawapendi kuambiwa, nami nilikuwa mmoja wao hadi hatua ya tatu, yaani siku ya tatu, ya mbio zetu: kwenye mbio za wawili wawili, anayeiangusha timu mara nyingi ni yule mwenye nguvu.

Jioni kambini utasikia kinyume chake. Watu wamejinyoosha, miguu imevimba, na kila mmoja ana hesabu ya dakika alizocheleweshwa na mwenzake. Mimi pia nilikuwa na hesabu yangu. Siku ya kwanza dakika 11, siku ya pili 19. Nilizikumbuka kama mtu anavyokumbuka deni analodai.

Hatua ya tatu ilikuwa kilomita 92, na milima yake ukiijumlisha inafika mita 2,100 za kupanda. Kiti kilikuwa kinauma kabla hata sijakikalia. Tulipofika chini ya mlima wa kwanza nilifanya nilivyozoea: nikasimama kwenye pedali, nikaondoka. Sikumtupa mwenzangu, la. Nilijiona mtu mwema kabisa, kwa sababu kila nikifika kileleni nilisimama, nikanywa maji, nikatafuna kitu na kumsubiri. Akitokea, namwambia, "Haya kaka, twende," na tunaondoka.

Hebu tazama hapo. Mimi nimepumzika dakika moja na nusu. Yeye hajapumzika hata sekunde moja, kwa kuwa mapumziko yaliisha pale alipofika. Mara ya kwanza hadi ya sita, mlima kwa mlima, mwenye nguvu ndiye aliyepewa nafasi ya kuvuta pumzi, na aliyechoka akaambiwa twende. Na nilitaka ashukuru!

Halafu kuna suala la kula. Akiba ya sukari iliyo mwilini haitoshi kwa saa sita za kukanyaga kwa nguvu. Ni lazima uijaze njiani, gramu 60 hivi za wanga kila saa, na waliozoesha tumbo hufika 90. Lakini mtu anayehema hawezi kutafuna. Mwenzangu alikuwa akinikimbiza mlimani, mkono haukuthubutu kuachia usukani, na kwenye mteremko ndio kabisa, mikono yote iko kwenye breki. Kilomita ya 61 akanyamaza. Nilimuuliza kama yuko sawa, akajibu "poa" kwa sauti isiyo na mtu ndani yake. Nilipofungua mfuko wake wa mgongoni nikakuta chakula chote alichobeba asubuhi. Njaa ile niliisababisha mimi, kwa miguu yangu mizuri.

Ndiyo maana siwaelewi wanaolalamikia kanuni ya kukaa pamoja. Kwenye Cape Epic, mbio za baiskeli za milimani za Afrika Kusini zinazofanyika tangu 2004, wawili wa timu moja hawaruhusiwi kuachana zaidi ya dakika 2, na hiyo ni kwa siku 8 mfululizo: mbio fupi ya ufunguzi, kisha hatua saba. Wengi huiona kama kanuni ya usalama, na usalama umo kweli, maana mtu akianguka bondeni awepo wa kumwona. Ila kwangu mimi ndiyo inayoufanya mchezo wenyewe uwe mchezo. Christoph Sauser ameshinda Cape Epic mara tano, Karl Platt mara tano, na katika ushindi wote huo hakuna aliyekuwa peke yake. Sauser alishinda 2011 na 2012 akiwa na Burry Stander. Januari 2013 Stander akafariki katika ajali ya barabarani akiwa mazoezini, na miezi michache baadaye Sauser akashinda tena, safari hii na Jaroslav Kulhavý, bingwa wa Olimpiki wa 2012. Hata bingwa wa Olimpiki alilazimika kutazama nyuma kuona kama mwenzake yupo.

Tulikaa chini ya mti karibu robo saa. Akala, nikamtazama akila, tukaondoka kwa mpango mwingine. Kwenye tambarare nilikaa mbele, yeye gurudumu lake likikaribia kulibusu langu. Ukienda kilomita 30 kwa saa, adui ni upepo, na aliye nyuma anaepushwa na sehemu kubwa yake. Mlimani, mkienda kilomita 8 kwa saa, upepo si kitu tena. Kinachowavuta chini ni uzito. Kwa hiyo huko nilichukua chupa zake mbili na mfuko wake, nikamweka yeye mbele apange mwendo, mimi nikakaa nyuma kimya. Kukaa kimya ndiko kulikonishinda. Kila baada ya dakika mguu wangu ulitaka kupita. Nilikuwa kwenye giya ambayo sijawahi kuigusa, nikihisi kama nimefungwa kamba, na bado tulipanda mlima mzima bila kusimama hata mara moja. Saa haikudanganya: bila vile vituo vyangu vya huruma, tulikwenda haraka zaidi.

Na bado sijasema la mteremkoni, kwa sababu linanitia aibu. Kwenye vijia vyembamba vya mawe mwenzangu hushuka kama maji. Mimi hushuka kama mtu anayebeba mayai. Siku zote mbili za mwanzo yeye ndiye aliyenisubiri chini, na kwenye hesabu yangu ya madai sikuwahi kuziandika dakika hizo. Kilomita ya 80 nikaparamia jiwe, tairi likapasuka ubavuni, maji ya gundi, yale yanayowekwa ndani ya tairi ili yazibe matundu, yakanirukia usoni. Nilikuwa nimeshaanza kutukana. Yeye akashuka, akaingiza kipande cha mpira kwenye tundu, akazungusha gurudumu ili gundi ifike, akapiga pampu. "Bado tuna muda," akasema, na wala hakuwa ananisema.

Kwenye mbio hizi muda wa timu ni wa yule anayechelewa kuvuka mstari kati ya wawili. Tuliingia uwanjani tairi langu likiwa limelegea, nikisukuma usukani kama toroli, naye mbele akigeuka kila baada ya mita chache. Alivuka yeye kwanza. Saa ikanisubiri mimi.