Mwanamke wa Kayole Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Wiki mbili zilizopita mteja mmoja anayeuza bidhaa za usafi wa nyumbani aliniomba nimsomee ripoti ya utafiti wa soko aliyoiagiza kwingine, kisha nimwambie kama ninaiamini. Majedwali yalikuwa yamepangwa vizuri, na kila baada ya kurasa chache palikuwa na maneno ya mhojiwa kwa herufi za mlazo. Mmoja wao alikuwa mama wa watoto watatu, mwenye umri wa miaka 34, mkazi wa Kayole, Nairobi, aliyesema kwamba hununua sabuni ya unga ya paketi ndogo kwa kuwa pesa zake hupatikana siku kwa siku na hazimtoshi kununua kubwa. Nilimsadiki mama huyo hadi ukurasa wa mwisho, ambapo sentensi moja ya maandishi madogo ilieleza kwamba wahojiwa 400 kati ya 600 walikuwa “wahojiwa sanisi”, yaani waliotungwa na programu ya akili unde kwa kufuata majibu ya wale 200 waliobaki. Mama wa Kayole alikuwa miongoni mwa waliotungwa. Hakuna aliyembishia hodi, na hakuna aliyemshukuru kwa muda wake.

Nimefanya kazi ya utafiti wa soko kwa miaka 18, na kumi ya kwanza niliimaliza nyanjani nikiwa mhojaji, hojaji mkononi na viatu vimejaa vumbi la Eastlands. Ripoti ile iliniudhi kwa namna ambayo sijaudhika kwa muda mrefu, hasa kwa sababu swali hilohilo la sabuni niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, katika mtaa huohuo, mwaka 2011.

Hojaji yetu ilikuwa na majibu matatu ya kuchagua: bei, upatikanaji na mazoea. Mama niliyekuwa nikimhoji aliyasikiliza yote matatu, akatikisa kichwa, akanishika mkono na kunitoa nje hadi uani, penye mfereji mmoja na kamba za kuanikia zilizotumiwa na nyumba kumi na mbili. “Mwanangu,” akaniambia, “nikiweka paketi kubwa hapa, ploti yote itafulia kwangu. Kumnyima jirani siwezi, na kuwagawia wote pia siwezi.” Pesa ya paketi kubwa alikuwa nayo. Alinunua ndogo ili asije akalazimika kuchagua kati ya sabuni yake na ujirani wake. Niliyaandika maneno hayo pembeni mwa karatasi kwa sababu hayakuwa na kisanduku chake, na jioni msimamizi wetu alipoyasoma aliamua swali liongezwe. Kabla ya wiki kwisha tulikuwa tumelisikia jibu hilo katika ploti nyingine nyingi, na mteja wetu wa wakati ule akaacha kudhani kwamba kila anayenunua kidogo ni maskini tu.

Linganisha majibu hayo mawili. Mama aliyetungwa alisema lile ambalo kila mtu asiyeishi Kayole tayari analidhani kuhusu Kayole, na hilo lilikuwa la kutarajiwa, kwa kuwa programu hizi huunda maneno yanayoelekea zaidi kufuatana kulingana na maandishi ziliyosomeshwa, ambayo sehemu yake kubwa ni ya Kiingereza. Yanayosemwa kando ya mfereji wa ploti, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kikamba au Sheng, hayajaandikwa popote. Wanaouza huduma hii hupenda kutaja utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ambapo wasomi wa Chuo Kikuu cha Brigham Young waliipa programu ya akili unde ya GPT-3 wasifu wa Wamarekani halisi na kukuta majibu yake yanakaribiana na ya makundi waliyotoka. Mwaka 2024, hata hivyo, watafiti wengine walionyesha kwamba majibu ya namna hiyo hayatofautiani yenyewe kwa yenyewe kama ya watu yanavyotofautiana, na kwamba yanaweza kubadilika ukibadilisha tu maneno ya maagizo. Yote mawili yalihusu maoni ya kisiasa ya Wamarekani, yaani watu waliohojiwa na kuandikwa kwa miongo mingi. Sioni ni kwa haki gani kipimo hicho kinaletwa kumsemea mama wa Kayole.

Sitadai kwamba sisi wanadamu tulikuwa malaika. Nakiri, kwa shingo upande, kwamba nimewajua wahojaji waliokaa chini ya mti na kujaza hojaji 15 kwa alasiri moja, na kwamba programu za siku hizi huwagundua haraka kuliko msimamizi yeyote. Zinasaidia pia kupanga maelfu ya majibu ya wazi, mradi mtu anayeijua Sheng ayapitie baadaye. Lakini aliyejaza hojaji chini ya mti tulimfukuza kazi, tukaitupa kazi yake. Kosa lilelile sasa linauzwa likiwa na jina la kitaalamu.

Kuna jambo linaloniumiza zaidi ya usahihi, nalo ni wale 200 wa kweli. Kila ninapoketi na mhojiwa humsomea maneno ya ridhaa: majibu yako yatajumlishwa na ya wengine, jina lako halitatajwa, unaweza kuacha wakati wowote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kuelezwa data yake itatumiwa kwa kazi gani. Je, kuna yeyote aliyewaambia watu hao kwamba sauti zao zingelishwa mashine ili zizae watu wengine 400, wenye maoni ambayo wao hawakuyatoa? Baada ya zile foleni za Worldcoin, mradi uliowapiga watu picha za macho kwa malipo ya sarafu ya kidijitali, katika jumba la mikutano la KICC, Agosti 2023, kabla serikali haijausimamisha mradi huo, wahojiwa walianza kuniuliza kama simu yangu inawapiga picha za macho. Mahakama Kuu ilikuja kuamuru data hiyo ifutwe Mei 2025, lakini hofu haifutwi kwa amri, na nimeitumia miaka hii kuwatuliza watu mlango kwa mlango. Sitaki kurudi kwao nikiwa nimewadanganya.

Ninachotaka ni kwamba kila ripoti yenye majibu ya mashine iseme hivyo katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi za ukubwa uleule, na majibu hayo yasiitwe ya wahojiwa, wala yasipewe umri, watoto na mtaa. Jiji hili lilihesabiwa kuwa na wakazi 4,397,073 katika sensa ya 2019. Watu 600 wa kuzungumza nao wapo.

Nilimwandikia mteja kwamba siiamini ripoti ile. Aliniuliza ingechukua muda gani kuwapata 400 wa kweli, nami nikamjibu: wahojaji 12, mahojiano manne kwa siku kila mmoja, siku tisa. Bado nasubiri jibu lake.