Mchungaji Kadaiwa Laki Sita na Nusu ya Sukari

Kwanza kabisa, hapakuwa na polisi jana pale dukani, programu yangu ilipowadai wateja kupita deni lao. Huyo ndugu yangu aliyewarushia stori ya polisi kwenye grupu jana hata hakuwepo, alikuwa Kizota anasubiri mishikaki. Aliyekuja ni balozi wa mtaa, na alikuja kwa sababu naye alikuwa kwenye orodha ya wadaiwa.

Programu yangu ya daftari la madeni, inayotunza madeni ya wateja wa duka na kuwatumia meseji ya kuwakumbusha, mnaijua, nimewachosha nayo vya kutosha. Mama mwenye duka pale Chang'ombe alishanipa wateja wake wote 300 kutoka lile daftari la kaunta lenye madoa ya mafuta, nikawaingiza. Jana ilikuwa siku ya kumuonyesha kitufe cha kukumbusha. Nilivaa shati la harusi. Chekeni tu.

Sasa twende taratibu. Nilitaka itoke meseji moja, ije kwenye simu yangu. Lakini usiku nilisafisha orodha nikafuta namba yangu, kwa hiyo kisanduku cha kuchagua mteja kilikuwa kitupu. Na ni mimi, kwa vidole hivi hivi, niliyeandika kwamba kisanduku kikiwa kitupu maana yake ni wote.

"Mwanangu, nabonyeza wapi?"

"Hapo, mama. Bonyeza mwenyewe uone ilivyo rahisi."

Akabonyeza.

Kimya. Mimi bado natabasamu. Ikalia simu ya dada aliyekuwa anapimiwa sukari. Ikalia ya bodaboda mlangoni. Ikalia ya mtu nyuma yangu, kisha zikaanza kuitikiana mpaka kwenye genge la nyanya ng'ambo ya barabara. Dada akasoma. Akasoma tena, midomo inatembea. Akaiweka ile sukari juu ya kaunta polepole, kama anarudisha mtoto wa watu.

"Mama, mimi nadaiwa 450,000?"

Alikuwa anadaiwa 4,500. Mama akavaa miwani, akachukua simu ya dada, akaisoma kwa kuisogeza mbali, kisha akanitazama kwa juu ya miwani. Hakusema neno. Ningeshukuru angetukana.

Wenzangu mnaojenga vitu hivi, kilichotokea ni hiki. Mfumo wa malipo niliouunganisha unahesabu fedha kwa senti, kwa hiyo 4,500 inakaa kwenye hifadhidata kama 450000. Kwenye skrini nagawa kwa 100. Kwenye meseji sikugawa. Mbona sikuona kwenye majaribio? Kwa sababu namba yangu ya majaribio niliipa deni la sifuri. Zidisha sifuri mara 100 uone.

Nikasema haina neno, natuma ya kuomba radhi. Nilinunua meseji 1,000, nikahesabu zimetumika 300, zimebaki 700. Zilikuwa zimebaki 100! Jina Chang’ombe kwenye ile meseji ya deni nililinakili kutoka Word, programu ya kuandikia, na Word ilishaikunja ile ritifaa, yaani kialama cha juu, ya ng'. Meseji ya kawaida inabeba herufi 160. Ikiingia alama moja tu isiyo kwenye seti ya kawaida ya simu, kikomo kinashuka hadi 70, na ukikizidi inakatwa vipande vya herufi 67. Yangu ilikuwa na 140 na kitu, ikatoka vipande vitatu, kila kimoja kinalipiwa. Radhi ikawafikia watu 100 wa kwanza kwa alfabeti. Mchungaji hakuwemo.

Halafu meseji zilitoka kwa jina la duka, si kwa namba, na jina la mtumaji hulijibu wala hulipigii. Kwa hiyo watu hawakujibu. Walikuja.

Usiku nimebadilisha kila kitu. Deni linahifadhiwa kwa shilingi nzima, na safu yake inaitwa deni_tsh ili asiwepo wa kubahatisha. Kisanduku kitupu hakitumi kwa yeyote. Zaidi ya watu 10, lazima uandike idadi yao kwa mkono ndipo kitufe kifunguke, na zinatoka kumi kumi kwa kupumzika dakika moja, upate muda wa kusitisha. Deni langu la majaribio sasa ni 12,345. Ritifaa zote zinanyooshwa kabla ya kutuma. Na wateja halisi hawakai tena kwenye mfumo wa maonyesho. Madeni ya mtu ni taarifa zake binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022.

Yaliyofuata ni mafupi. Aliyekuja kubisha 450,000 ilibidi akiri 4,500 mbele za watu, na wengi wakaona aibu kuondoka bila kulipa. Mchungaji alitoa 6,500 yake, akaomba risiti. Droo ikajaa.

"Hiyo ya kuzidisha, mwanangu, usiitoe. Ipe kitufe chake."

Nimekataa, ila bei nikataja hapo hapo, 15,000 kwa mwezi. Msimpe mteja wa kwanza bure, hamtajua kama anaihitaji au anawahurumia. Mama amelipa mwezi wa kwanza, akakata humo pesa ya soda mbili alizokunywa balozi.