Mzee wangu, pale si patupu

Juzi baada ya isha tupo barazani hapa Ngamiani, kijana wa jirani yuko form three akauliza eti kweli kuna watu wametazama kipande kimoja cha mbingu siku themanini, mzee mmoja ninayemheshimu sana akamkata palepale, achana na yasiyokuhusu, hao wanalipwa kutazama patupu. Mtoto akanyamaza. Imeniuma mpaka leo.

Si patupu jamani. Chandra, darubini ya NASA iliyorushwa 1999, inakusanya eksirei, na lazima ikae huko juu maana eksirei za angani hazipenyi hewa yetu zikafika chini. Ukijumlisha miaka yote imetazama kile kipande cha anga ya kusini sekunde milioni 7, ndo hizo kama siku 81, na chenyewe hakifiki hata ukubwa wa mwezi mpevu. Vimeonekana vitu kama 1,000, na 7 katika kila 10 ni mashimo meusi makubwa, mvutano wake mkali hata mwanga hautoki, yale yanayokaa katikati ya magalaksi, yaani makundi makubwa ya nyota, ya mbali huko.

Na sie watu wa Tanga ndo wa kulielewa hili. Siku za giza simama Raskazone utazame baharini, chombo huoni hata kimoja, unaona taa za wavuvi wa dagaa tu, na kwa taa hizo unajua wako wangapi na wako wapi. Shimo jeusi nalo huwezi kuliona, ila gesi inayovutwa humo inazunguka inapata moto wa mamilioni ya nyuzi, hapo karibu na mdomo wa shimo ndo zinatoka eksirei. Mengine yamejifunika vumbi zito mwanga wa kawaida haupiti kabisa, eksirei kali zinapita, kama zile za hospitali zinavyopita kwenye nyama ukaonekana mfupa. Sasa kitu kikiwa mbali hivyo eksirei zake zinafika moja moja, utaharakisha vipi? Unakaa, unasubiri.

Hela ni nyingi, haya, hilo nampa mzee.

Lakini 2023 Chandra na Webb, darubini nyingine ya angani, wamepata shimo kwenye galaksi ya UHZ1, eksirei zake zilitoka huko ulimwengu una miaka milioni 470 tu, na tayari ni kubwa mno. Limekua saa ngapi? Lilianza na nyota iliyokufa, au wingu zima la gesi liliporomoka likawa shimo moja kwa moja? Hilo ndo swali, na yule mtoto alikuwa anakaribia kulifikia.

Mzee wangu, shikamoo, sijakuvunjia heshima. Kesho nitamwambia aulize tena, naomba umwache amalize.